Watu wa Sodiamu

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo katika ramani yoyote iliyochapishwa, na msomaji atakayedhani ameitambua ninamwomba radhi mapema. Kufanana kwake na nchi nyingine kumetokea bila kukusudiwa na mtu yeyote, hasa viongozi wake. Ilikuwa nchi ya amani. Ilikuwa na bunge, ila halikutumika sana, kama vile sebule ya wageni isivyotumika katika nyumba ya watu nadhifu. Sheria zilitungwa kwa njia fupi na ya heshima: jambo lolote lililoonyeshwa mbele ya Baraza la Mawaziri na kupigiwa makofi lilikuwa sheria tangu pale makofi yalipokoma. Jambo lisilopigiwa makofi halikukataliwa. Lilihesabiwa tu kwamba halikutokea. Mabingwa wa katiba kutoka ng'ambo walikuja kuutazama utaratibu huu, wakapikiwa pilau, wakaondoka wakisema wamejifunza mengi.

Mkuu wa nchi hiyo aliitwa Mpangaji Mkuu. Hakupenda kuitwa rais, kwa kuwa marais huchaguliwa, naye hakutaka kuwasumbua wananchi. Siku moja alikwenda kuzindua shule ya sekondari, akaingizwa katika maabara ambayo haikuwa na kifaa chochote ila bango moja ukutani. Alisimama mbele ya bango lile muda mrefu hata walinzi wakaanza kulishuku.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Ni jedwali la elementi, Mtukufu," alijibu mwalimu mkuu. "Kila kitu duniani kimeundwa kwa hivi vilivyomo humu."

"Na kila kimoja kina kisanduku chake?"

"Chake peke yake, Mtukufu."

"Hakihami?"

"Hakijapata kuhama."

Mpangaji Mkuu alitoa kitambaa akajifuta macho. "Mmekaa na kitu kama hiki," alisema kwa sauti ya mtu aliyeonewa, "mkawafundisha watoto, bila kuiambia serikali."

Bango lilibanduliwa siku hiyohiyo likapelekwa Ikulu kwa msafara wa ving'ora. Mwalimu mkuu alipandishwa cheo akapelekwa mahali ambapo hapakuwa na shule.

*

Ndipo alipoitwa Profesa Nyange Kibindo, mwanakemia wa chuo kikuu, kuja kulieleza bango. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye kupima maneno yake kama alivyozoea kupima asidi, yaani kwa tone. Wanafunzi wake walimpenda kwa sababu hakuwahi kusema jambo asilokuwa na hakika nalo. Ninalitaja hili kwa sababu wasomaji wengine wanaamini kuwa madhara makubwa hufanywa na waongo. Profesa Nyange hakusema uongo hata mara moja katika hadithi hii.

Alizaliwa katika Bonde la Kisewe, mahali pa joto na watu wenye sauti kubwa. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na dada yake, Bi Mwatumu, ambaye aliteka maji kisimani na kuyauza kwenye mikahawa ya stesheni ili mdogo wake asome. Miaka ile ya ndoo ilimwachia Bi Mwatumu upara mdogo wa mviringo utosini, mahali ngata ilipokuwa ikikaa. Profesa aliujua upara ule vizuri. Alipokuwa mtoto alidhani wanawake wote wanao.

Mbele ya Baraza alieleza kwa utaratibu. Elementi, alisema, zimepangwa kwa safu, na zile zilizo katika safu moja huitwa familia kwa kuwa tabia zao hufanana. Ziko metali za mpito, ambazo ni ngumu, hung'aa, na misombo yao hubadilika rangi kufuatana na kile zilichoungana nacho.

"Wabunge," alisema Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Laurenti Mgomberi, na mwenzake akaitikia kwa kichwa.

Ziko halojeni, aliendelea Profesa. Hizi zimepungukiwa na elektroni moja tu, na kwa ajili ya hiyo moja huvamia chochote kilicho karibu.

"Idara ya Ushuru," alisema Waziri. "Kila mara wanasema imebaki moja tu. Endelea."

"Na mwisho kabisa, upande wa kulia, ziko gesi adimu. Hizi zimekamilika, Mheshimiwa. Hazihitaji kitu. Hazichangamani na yeyote, na ni vigumu sana yeyote kuchangamana nazo."

Mawaziri walitazamana kwa aibu ya furaha, kama watu waliosikia wasifu wao ukisomwa hadharani. Mpangaji Mkuu alinyanyuka kitini.

"Hao," alisema taratibu, "ni sisi."

Makofi yalipigwa mpaka kioo cha dirisha kikatikisika. Hivyo ndivyo wananchi walivyogawanywa katika familia. Mawaziri walihamia mtaa mpya ulioitwa Safu ya Kulia, wakavaa beji za zambarau, na kwa kuwa gesi adimu hazichangamani na yeyote, ilikuwa marufuku kuwasalimu, kuwasimamisha, kuwauliza walikotoka au walichobeba. Wao nao hawakuruhusiwa kucheka, kulia wala kushangaa hadharani. Makofi ya Baraza ndiyo pekee yaliyoruhusiwa, nayo hayakuhesabiwa kuwa hisia.

*

Hapo jambo la Kisewe likajitokeza. Pampu ya bonde ilikuwa imeharibika muda mrefu, visima vimekauka, na wazee wa kule walikuja mjini mara kwa mara kudai maji kwa zile sauti zao kubwa. Waziri wa Utulivu alichoka nao. Alimwita Profesa ofisini na kumkalisha kwenye kiti cha ngozi.

"Profesa, katika jedwali lako, ni ipi iliyo familia ya wakorofi?"

"Hakuna wakorofi, Mheshimiwa. Labda ungesema metali za alkali, safu ya kwanza kushoto. Litiamu, sodiamu, potasiamu. Hizo huathirika upesi."

"Huathirika kwa nini hasa?"

"Kwa maji, Mheshimiwa."

Waziri aliweka kalamu mezani. "Tuonyeshe," alisema.

Siku ya maonyesho Profesa alikuja na beseni la kioo lililojaa maji na chupa ya mafuta ya taa ambamo sodiamu huhifadhiwa isiguswe na unyevu. Aliitoa kwa koleo, akaikata kwa kisu kama mtu akatavyo jibini, akawaonyesha ilivyong'aa ndani na kufifia papo hapo. Kisha akatupia kipande kidogo kama punje ya choroko majini. Kipande kiliruka, kikazunguka kikifoka, kikashika moto wa manjano, na mwisho kikapasuka kwa mlio uliomfanya Waziri wa Ulinzi ajifiche nyuma ya Waziri wa Akina Mama.

"Kumradhi," alisema Profesa. "Ndivyo ilivyo. Sodiamu ikikutana na maji hutoa joto na gesi, na gesi hiyo huweza kuwaka."

"Na watu wa Kisewe," aliuliza Waziri wa Utulivu kwa upole mkubwa, "nao wakisikia maji hufanyaje? Si hufoka? Si huruka? Si juzi walipasua kioo cha lango langu?"

Profesa alivua miwani yake akaanza kuifuta. Ilikuwa safi. Alifuta kioo cha kulia, kisha cha kushoto, kisha tena cha kulia. Alijua swali linakwenda wapi, na alijua jibu. Lakini hakuwa ameulizwa kuhusu kemia ya binadamu, ambayo si taaluma yake, na mtu mwenye nidhamu ya kisomi hasemi nje ya taaluma yake. Pia alikuwa ameambiwa asubuhi ile kwamba nyumba moja katika Safu ya Kulia ilikuwa wazi.

Alipoivaa tena miwani, makofi yalikuwa yamekwisha.

*

Sheria ya Kuwalinda Watu wa Kisewe ilikuwa ya kibinadamu sana. Ilitambua kuwa wananchi hawa ni wa familia ya alkali na kwamba maji ni hatari kwao. Kwa hiyo mabomba yote yaliyoelekea bondeni yalizibwa kwa gharama ya serikali, askari wakawekwa barabarani kuzuia ndoo, na kwa kuwa sodiamu huhifadhiwa salama ndani ya mafuta ya taa, malori ya mafuta ya taa yalianza kwenda Kisewe kila wiki. Msambazaji alikuwa shemeji wa Waziri, aliyepatikana baada ya msako mrefu. Waandishi wa habari walisifu namna nyumba za bonde lile zilivyong'aa kwa taa. Hawakueleza watu walikuwa wanakunywa nini. Kwa kweli walikuwa wanakamua mashina ya migomba, wanakinga umande kwa khanga, na kulikuwa na dimbwi moja la tope chini ya daraja ambalo walilichuja kwa zamu.

Profesa Nyange alipewa beji ya zambarau na nyumba yenye bomba ndani na bomba nje. Watumishi wake waligundua kwamba hakuweza kumaliza glasi ya maji. Aliinua, akanywa funda moja, akaitazama, akairudisha. Pia hakuweza kustahimili bomba linalovuja. Angeacha kazi yoyote akalikaze, kisha akae karibu nalo kuhakikisha.

Asubuhi moja alikuwa barazani aliposikia sauti anayoijua ikitoka upande wa pili wa ukuta wa maua uliozunguka bustani. Bi Mwatumu alikuwa amefika. Lakini mtu wa alkali hakuruhusiwa kusema na gesi adimu, na askari alikuwa amesimama hatua chache, kwa hiyo Bi Mwatumu alisema na ua.

"We ua, hujambo?" alisema. "Umestawi. Naona unanyweshwa."

Askari alitazama kando. Sheria haikukataza kusema na mimea.

"Ua, nimekuja kwako kwa sababu nilikuwa na mdogo wangu, sasa simwoni. Alikuwa kijana mwenye akili. Nilimbebea maji mpaka kichwa kikatoa upara, nikasema, acha asome, kesho atatusaidia. Amesaidia. Sasa Kisewe tunaoga mafuta ya taa. Juzi mjukuu wa jirani yetu Kidawa alikaribia jiko, nusura tumpoteze. Hebu niambie, ua, msomi mzima amekaa akaona watu wanafananishwa na kidonge cha kwenye chupa, akafanya nini?"

Profesa alikuwa ameshika nguzo ya baraza. Naye alisema na ua, kwa sauti ya chini.

"Ua, mwambie Da Mwatumu nilifuta miwani."

"Eti alifuta miwani," Bi Mwatumu aliliambia ua. "Haya. Angalau alikuwa anaona vizuri."

"Mwambie nitalirekebisha."

"Ua, mwambie afanye haraka. Na mwambie amekonda."

*

Profesa alifikiri siku nyingi namna ya kurekebisha bila kusema kwamba alikosea, maana kusema hivyo kungewadhalilisha waliopiga makofi. Alipata njia ya kitaaluma. Alirudi mbele ya Baraza akiwa na glasi ya maji na kijiko cha chumvi ya mezani.

"Waheshimiwa," alisema, "katika chumvi hii imo sodiamu. Ileile mliyoiona ikilipuka." Alitia chumvi majini, akakoroga, akanywa yote mbele yao. Hiyo ilikuwa glasi ya kwanza kuimaliza tangu sheria ipite. "Mmeona. Sodiamu imo majini, na imetulia."

Mawaziri walivutiwa sana. Profesa alianza kutumaini.

"Imetulizwa na nini?" aliuliza Waziri wa Utulivu.

Swali lilikuwa la kemia, na Profesa hakuwahi kuacha swali la kemia bila jibu sahihi. "Imeungana na klorini, Mheshimiwa."

"Hiyo ni ya familia gani?"

Alisita, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka. "Halojeni."

"Idara ya Ushuru!" alipaza sauti Waziri, na makofi yakapigwa kabla Profesa hajaiweka glasi chini.

Kwa sheria hiyo mpya, mtu wa Kisewe angeruhusiwa maji pindi tu atakapofunga ndoa na ofisa wa ushuru. Wajane, wazee, wenye waume na wenye wake hawakusahauliwa. Ndoa zao za zamani zilitajwa kuwa mchanganyiko tu, si muungano. Maofisa wa ushuru walishushwa Kisewe kwa mabasi wakiwa wamevaa suti na maua kifuani. Na kwa kuwa Baraza lilikuwa limeshuhudia sodiamu ikitulia katika maji ya chumvi, maji waliyopewa maharusi yalitiwa chumvi kwanza, kwa usalama.

Bi Mwatumu alipangiwa Bwana Tindwa, ofisa wa mizani ya malori, mtu mfupi mwenye haraka. Alimkuta uani akichambua mboga kavu.

"Bibi harusi, assalam alaikum. Mimi ndiye mume wako."

"Waalaikum salaam. Mume wangu yuko makaburini, sogea usizuie upepo."

"Bibi, usinipe shida. Nimekwisha kuoa nyumba zote za huku chini. Nimebakiza moja tu."

"Moja tu?" Bi Mwatumu aliinuka na mwiko. "Njoo uichukue."

Bwana Tindwa alirudi mjini na uvimbe kwenye paji la uso. Taarifa yake rasmi ilieleza kuwa ameathirika kikemia. Bi Mwatumu alikamatwa kesho yake na kupelekwa mbele ya Baraza kwa kosa la kukataa kuungana.

*

Ukumbi ulijaa. Profesa Nyange alikaa katika safu ya wenye beji, mikono magotini. Alimwona dada yake akiingia katikati ya askari, midomo imepasuka, khanga imefifia, na alipoinama kupita chini ya kamba aliuona upara ule utosini.

Juu ya meza ya mawaziri kulikuwa na jagi la maji baridi, ambalo liliwekwa pale kila kikao na halikunywewa kamwe, kwani walioketi pale hawakuwa na mahitaji. Kabla mashtaka hayajasomwa, Bi Mwatumu alinyoosha mkono akalichukua.

"Mzuieni!" alipiga kelele Waziri wa Ulinzi, akainama chini ya meza. Wengine wakafunika nyuso kwa majalada.

Bi Mwatumu alikunywa. Alikunywa kwa mapumziko, kama mtu anayejua thamani ya anachokunywa, mpaka barafu ikagonga upande wa jagi. Kisha akaliweka mezani, akafuta mdomo kwa upindo wa khanga, akawatazama.

"Mimi huyu hapa," alisema. "Nani anataka kunigusa aone kama nina moto?"

Mawaziri waliibuka mmoja mmoja. Waziri wa Utulivu alitengeneza tai yake, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye akili na aliona kwamba kitu kimoja kilikuwa kimevunjika pale na si jagi. Alimgeukia Profesa.

"Profesa. Tusaidie kisayansi. Ni kitu gani kinachoingia katika maji, au maji yakakiingia, na kisilipuke wala kuharibika?"

Msomaji na alitazame swali hili kama Profesa alivyolitazama. Lilikuwa pana. Lilikuwa na majibu mengi, yote ya kweli. Lilikuwa jepesi kuliko swali lolote alilowahi kuulizwa katika ukumbi ule, na Bonde zima la Kisewe lilikuwa limening'inia katika jibu lake. Lakini alimwona dada yake kati ya wale askari, akakumbuka kuwa adhabu ya kukataa kuungana ni kifungo, akataka kumwokoa yeye, upesi, kwa neno moja lisilomuudhi mtu.

"Dhahabu, Mheshimiwa," alisema.

Waziri alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvaa beji. "Waheshimiwa, hakuna sheria iliyokosewa. Watu wa Kisewe ni sodiamu kama tulivyosema. Huyu mama si mtu wa Kisewe. Huyu ni dhahabu iliyookotwa Kisewe!"

Makofi yalipigwa kwa kusimama. Na kwa kuwa dhahabu ni mali ya taifa, Bi Mwatumu alisindikizwa kwa heshima zote, akiwa amefunikwa zulia jekundu, mpaka Benki Kuu, akafungiwa katika chumba cha hazina nyuma ya mlango wa chuma.

*

Alitunzwa vizuri. Alipewa kitanda, feni, na kwa kuwa ilikuwa imethibitishwa kuwa maji hayamdhuru, bomba lake mwenyewe. Profesa alikwenda kumwona. Walinzi wa benki hawakumuuliza kitu, maana alikuwa na beji.

"Da Mwatumu," alisema. Humo ndani hapakuwa na ua la kusema nalo.

"Karibu. Kaa juu ya hivyo vipande vya dhahabu, ni wenzangu, havina neno."

"Nilitaka wasikufunge."

"Najua."

"Lilikuja hilo tu kinywani."

Bi Mwatumu alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Nyange, uliulizwa ni kitu gani kinachokunywa maji kisilipuke. Wewe uliyesoma mpaka ukamaliza madarasa yote. Ulikuwa na neno fupi kuliko dhahabu."

Alijua ni neno gani. Alikaa nalo mdomoni njia nzima ya kurudi.

Kikao kilichofuata aliomba nafasi. Hakuleta beseni, wala chumvi, wala kijiko. Alisimama mikono mitupu akasema: "Waheshimiwa, jibu la swali lile ni mtu. Mtu hunywa maji halipuki. Watu wa Kisewe ni watu. Nililijua hili siku ya kwanza, kabla ya makofi, nikafuta miwani. Na siku ile ya dhahabu nililijua pia, nikamchagua dada yangu peke yake, na hata yeye sikumpata. Sheria hizi zimejengwa juu ya unyamavu wangu. Naomba zifutwe, na mimi nihukumiwe."

Walimtazama. Hakuna aliyekasirika, kwa kuwa hawakuruhusiwa. Hakuna aliyepiga kofi. Feni ya darini ilizunguka. Baada ya muda wa adabu Waziri wa Utulivu aligeukia ajenda inayofuata, iliyohusu rangi ya mapazia.

Na kwa kuwa jambo lisilopigiwa makofi halikutokea, Profesa Nyange Kibindo, kwa mujibu wa sheria za nchi ile, hajapata kukosea mpaka leo. Alijaribu kwenda polisi kujishtaki. Polisi waliiona beji, wakatazama ukuta.

Nadhani ni pale polisi, akiwa amesimama mbele ya sajini aliyekataa kumwona, ndipo wazo lilipomjia. Hakuwa amepata wazo la kisayansi kwa muda mrefu, na hili halikuwa la kisayansi sana.

Alinunua ndoo sokoni, na ngata ya kitambaa. Alikwenda Benki Kuu, akafungua bomba la dada yake, akaijaza. Bi Mwatumu alimtazama akihangaika kujitwika, akamwachia ahangaike, mwishowe akainuka akamrekebishia ngata. "Shingo wima," alisema. "Usitazame miguu."

Akatoka nayo kichwani, mbele ya walinzi, mbele ya askari wa njia panda, mbele ya kizuizi kikubwa cha barabara ya Kisewe. Maji yalimwagikia suti yake. Hakuna aliyeweza kumsimamisha wala kumuuliza amebeba nini, kwa kuwa ndivyo yeye mwenyewe alivyowaeleza siku ya kwanza: gesi adimu haichangamani na yeyote.

Alipofika mwanzo wa bonde aliivua beji akaitia mfukoni. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na madumu kusubiri lori la mafuta ya taa. Waliiona ndoo, wakaweka madumu chini. Hakuwafahamu, alikuwa ameondoka zamani. Aliishusha chini vibaya, robo ikamwagika, na mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akaguna kama aliyechomwa.

Alianza kuwagawia kwa kikombe. Mwanamke yule alimnywesha mtoto kwanza, kidogo kidogo, akiuangalia uso wake.

"Baba, wewe si wa huku," alisema bila kumtazama.

"Ni wa huku."

"Unatoka mjini lakini. Eti kuna profesa kule ndiye aliyewaambia sisi tukiguswa na maji tunalipuka. Wanasema ni mzaliwa wa hapahapa. Unamjua?"

Profesa alikuwa anachota. Mkono wake ulisimama ndani ya ndoo.

"Namjua," alisema.

Mwanamke alikipokea kikombe, akanywa zamu yake, akakirudisha. Alimtazama sasa: suti iliyolowa, miwani iliyojaa matone, ngata iliyomwangukia begani. Nyuma yake foleni ilikuwa bado ndefu, na ndani ya ndoo kitako kilikuwa kimeanza kuonekana.

"Basi ukimwona," alisema, "mwambie ndoo moja haitoshi."

"Nitamwambia," alisema Profesa, akamalizia kugawa, akajitwika ndoo tupu, akageuka kurudi alikotoka.